Kidaka, Kitale, Dafu: Msamiati wa Daftarini na Msamiati wa Sokoni

Mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa nchini Kenya mwaka 1985, Kiswahili kilifanywa somo la lazima na la kutahiniwa, na mtihani huo ukazaa maarifa ya aina yake: orodha ya msamiati. Mwanafunzi wa darasa la saba aliweza kukariri kwamba mtoto wa simba ni shibli, kwamba nyota huitwa thurea zikiwa kundi, na kwamba tunda la mnazi hupitia kidaka, kitale, dafu na koroma ndipo liwe nazi. Aghalabu mnazi wenyewe hakuwa ameuona.

Binti mmoja wa Nyeri alikuwa na daftari la namna hiyo, lililofunikwa kwa gazeti, na orodha zake alizijua barabara. Miaka kadhaa baadaye, akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu, alifika Mombasa kwa mara ya kwanza, akashikwa na kiu, akamwomba muuzaji nazi ya kunywa.

"Nazi hainywewi, dadangu," akajibiwa. "Nazi hukunwa. Wewe wataka dafu."

Neno hilo alilijua. Alilijua kwa nambari yake: la tatu. Waliokuwa foleni wakacheka, naye akanywa huku ameinama. Muuzaji alichonga kijiko kutokana na ganda la dafu lile lile, akampa akwangulie nyama yake laini, kisha akatenga tunda jingine kando akisema hilo limekwisha kuwa koroma: maji yake hayana ladha tena, na nyama yake haijakomaa kukunwa. Kumbe koroma, ambalo daftarini lilikuwa kituo tu baina ya dafu na nazi, sokoni lilikuwa hukumu, tena ya hasara. Siku hiyo hiyo alilisikia neno joya, yaani nazi ambayo ndani imejaa kitu laini kama sifongo badala ya maji na nyama ya kawaida. Halikuwa katika orodha yoyote. Alilisikia mara moja tu, na halijamtoka hadi leo.

Ni rahisi basi kuzibeza orodha, na wako wanaozibeza. Hutajwa uchunguzi wa Saragi, Nation na Meister wa mwaka 1978, ambamo wasomaji wa riwaya ya Anthony Burgess, A Clockwork Orange, walitahiniwa ghafla kuhusu maneno yenye asili ya Kirusi yaliyojaa humo, ikaonekana kuwa wameyaokota mengi bila kukusudia. Lakini wasomaji hao walikuwa wakisoma lugha yao wenyewe. Kila neno geni lilizungukwa na mengi waliyoyajua. Mtoto wa Nyeri anayefungua riwaya ya Kiswahili hana uzio huo. Maneno kumi asiyoyajua katika ukurasa mmoja hayafundishani, hufichana.

Isitoshe, mwenzake binti huyo katika darasa la fasihi, kijana wa Pwani aliyejua kidaka na kitale kabla ya kujua kusoma, alishindwa kutofautisha tashihisi na takriri katika mtihani wa mwaka wa kwanza. Istilahi hizo haziokotwi kisimani. Binti alizikariri kwa siku mbili, kwa mazoea yale yale ya daftari, kisha akamfundisha. Hata ule mzaha wa sokoni usingemchoma vile kama neno dafu lisingekuwa tayari akilini, likingoja kitu chake.

Baadaye akawa mwalimu huko huko milimani. Orodha hakuifuta ubaoni, jambo lililowashangaza waliomsikia akiilalamikia. Likizo moja alipanda basi kutoka Mombasa na kikapu chenye matunda matano, moja la kila hatua. Darasani koroma lilipasuliwa, likaonjwa, likatemwa na wanafunzi wote kwa kauli moja. Kidaka hakikuonyeshwa, kilikuwa kimenyauka kabla basi halijafika Voi.