Siku Hizi Nasema Tandale

"Unakaa wapi?"

"Sinza."

Jibu hilo nililitoa miaka yote ya sekondari, Dar es Salaam. Sote tuliotoka Tandale tulikuwa watu wa Sinza, au wa Magomeni kama darasani kulikuwa na mtu wa Sinza wa kutuumbua. Tukitoka shule tulishuka kituo cha mbele, tukasubiri wenzetu watokomee, ndipo tukakata vichochoro kurudi kwetu Tandale, kwa Mtogole.

Sinza ilipimwa viwanja miaka ya 1970. Kwetu kila mtu alijenga alipopata upenyo, na jina la mtaa likabebeshwa wezi, bangi na sifa mbaya ya Uwanja wa Fisi. Mama yangu alichoma maandazi alfajiri kila siku ya Mungu, lakini sijamsikia mtu wa nje akiitaja Tandale kwa maandazi.

Usiku mmoja bibi alizidiwa. Dereva teksi akasimamisha gari barabarani: "Kaka, mimi mwisho hapa. Humo siingii." Ni kweli gari lisingepita. Lakini hakusema njia mbovu, alisema humo. Mimi na jirani tukamkalisha bibi kwenye kiti cha plastiki, mmoja mbele, mmoja nyuma, tukawa tunaruka maji machafu gizani. Alinishika shingo kwa mkono wenye joto la homa. "Polepole baba, msiniangushe." Alipona, alhamdulillahi. Ile "humo" ndiyo haikunitoka.

Agosti 2011 wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi walikuja kuchora ramani ya Tandale pamoja na vijana wa mtaani. Niliongozana nao. Tulitembea na kifaa cha GPS, tukisimama penye bomba, penye choo, penye mfereji. Wazee walituuliza kama tunakuja kuwabomolea. Jioni, kwenye kompyuta, nikaona mistari myembamba imejaa mahali palipokuwa peupe, na kati yake kile kichochoro tulichompitishia bibi. Nilikiwekea kidole, nikakifuata hadi barabarani.

Mwaka 2018 mwanamuziki Diamond Platnumz, aliyekulia hapa hapa, akaliweka jina la Tandale kwenye albamu yake. Mdogo wangu akawa analitaja hata asipoulizwa. Nilifurahi naye, ingawa roho iliniuma: mtaa wenye wasusi, mafundi seremala na wauza nafaka wanaoamka kabla ya adhana haukustahili kungoja staa ndipo watoto wake wautaje. Na bado kijana wa kwetu akionekana usiku mtaa mwingine, huulizwa anatafuta nini.

Juzi, saa nne usiku, nilimpigia bodaboda nisiyemjua.

"Uko wapi, bro?"

"Tandale, kwa Mtogole."

Nikanyamaza kidogo, kwa mazoea.

"Upande wa msikitini," akauliza, "au wa mashine ya kusaga?"