Mchagua Jembe

Wahenga walinena kwamba mchagua jembe si mkulima. Kauli hii ilimtatiza mwanafunzi mmoja wa uzamili, mwalimu wa Kiswahili kwa taaluma, alipoazimia kujiundia tarakilishi yake ya kwanza. Alikuwa na shilingi elfu sabini, akiba ya mihula mitatu, pamoja na saa nyingi za video za nyimbo za harusi alizozirekodi Kilifi. Kipakatalishi chake kikuukuu kilizimika kila alipojaribu kuzihariri. Miongoni mwa waimbaji wake, wawili walikuwa wamekwisha kuaga dunia. Je, mtu wa hali hiyo asichague jembe?

Kazi ilianzia kwenye kichakataji. Wengi hukiita bongo la tarakilishi. Istiari hii yapendeza, ila yapotosha. Bongo la binadamu hufikiri na kukumbuka, ilhali kichakataji hutekeleza amri tu, kwa mabilioni ya midundo kila sekunde. Kukumbuka ni kazi ya kumbukumbu na diski. Anayedhani bongo ndilo kila kitu humaliza fedha papo hapo, kisha mashine yake ikajikokota kama kobe kwa ufinyu wa kumbukumbu. Heri kingeitwa mpishi: awe hodari namna gani, meza ikiwa ndogo atasubiri.

Katika duka moja la barabara ya Luthuli, jijini Nairobi, muuzaji alimtolea Intel Core i5-12400F.

"Dadangu, hiki ni moto wa kuotea mbali!"

"Na picha itatoka wapi, kaka?"

Muuzaji alicheka, akakirudisha kabatini. Hakuwa amesema uongo, kwani kina viini 6 na kasi ya kuonewa wivu. Lakini herufi F hapo mwishoni humaanisha kwamba hakina sehemu ya michoro. Bila kadi ya michoro, skrini hubaki giza totoro. Kadi hiyo ingezimeza fedha za kumbukumbu zote. Mwanaisimu hashangazwi na jambo hili: kiambishi tamati kimoja hutosha kugeuza maana ya neno zima.

Chaguo lililosalia lilikuwa AMD Ryzen 5 5600G, kichakataji cha mwaka 2021 chenye viini 6 na sehemu yake ya michoro. Kuhariri video ni kazi inayogawika miongoni mwa viini, kwa hiyo 6 vingefaa. Kutafuta neno katika kongoo ya matini, aghalabu, ni kazi ya kiini kimoja. Viini 16 vingekuwa kama vibarua kumi na tano wanaomtazama mwenzao akilima. Isitoshe, sehemu hiyo ya michoro haina kumbukumbu yake, hukopa ile ya mashine. Ndiyo maana alinunua gigabaiti 16 katika vibao viwili vya gigabaiti 8 badala ya kibao kimoja: njia mbili hupitisha data kwa wingi zaidi kuliko njia moja.

Kulikuwa na pingamizi moja, nalo lilikuwa zito. Kichakataji huamua soketi, soketi huamua ubao mama, na ubao huamua aina ya kumbukumbu. Ryzen hiyo hukaa kwenye soketi ya AM4, ile ile iliyopokea Ryzen za kwanza mwaka 2017, nayo hutumia kumbukumbu za DDR4. Soketi ya AM5, iliyotoka mwaka 2022, hukubali DDR5 pekee. Rafiki yake wa uhandisi alimlaumu.

"Umejenga mwisho wa barabara, mwenzangu. Kesho utabomoa ubao mzima."

Lau angekuwa mtu wa kubadilisha kichakataji kila baada ya miaka miwili, lawama hiyo ingekuwa na mashiko. Lakini AM5 ingemgharimu ubao ghali zaidi na kumbukumbu ghali zaidi, kwa ajili ya kesho asiyoihitaji. Fedha alizookoa zilinunua diski ya pili, na humo ndimo zilimo nakala za nyimbo zote.