Jioni za Rungwa na Kamera ya XL

Nilipomaliza chuo cha askari wa wanyamapori cha Pasiansi nilipangiwa Rungwa, pori la akiba tangu mwaka 1951, katika nchi ya Wakimbu. Uwindaji wa kitalii uliporuhusiwa tena mwaka 1978, kazi yangu ikawa kuongozana na wageni. Wengi walikuja na bunduki na kamera ndogo ya sinema ya Super 8. Nilianza kwa kuzibeba kamera hizo, baadaye nikakabidhiwa nipige mimi.

Palahala na korongo hujitokeza mbugani jua likielekea kuzama, na giza la miombo halipigi hodi. Saa hiyo filamu ya Kodachrome 40 ilikuwa imeshindwa. Ndipo nikazijua kamera za XL, zilizoundwa kwa ajili ya mwanga hafifu. Lenzi ya Canon 310XL ilifunguka hadi f/1.0, shata yake ikawa wazi digrii 220, nasi tuliipakia filamu ya Ektachrome 160.

Picha ilionekana, lakini ukali ulipungua. Msimu uliofuata mgeni mmoja alirudi na projekta, tukawasha jenereta na kutundika shuka. Fremu ya Super 8 haifiki milimita 6 kwa upana. Ilipokuzwa kiasi kile, chengachenga za Ektachrome zilijaa kila penye kivuli. Kwa fremu 18 kwa sekunde, shata ya kawaida ya digrii 150 hupokea mwanga kwa 1/43 ya sekunde, ile ya XL kwa 1/29 hivi. Palahala akigeuza shingo, pembe huacha mkia wa ukungu. Hilo, jicho husamehe, kwa kuwa mnyama anatembea kweli. Lisilosameheka ni mkono wa mpigaji unapotikisika, maana pori zima huyumba.

Kambini, penye mwanga wa moto, shida ilikuwa nyingine. Lenzi ikiwa imefunguliwa yote na kuvutwa karibu, aliyekaa mbele alionekana vizuri, na wa nyuma yake akawa ukungu. Nilipoacha kuvuta na kusogea mwenyewe, wote wawili walionekana.

Lakini mwalimu wangu mkuu alikuwa mzee mmoja wa Kikimbu, msoma nyayo, ambaye hakuwahi kushika kamera. Nilipokuwa tayari kubonyeza aliniwekea mkono begani: "Subiri anuse upepo, mwanangu. Akinusa, ataganda." Na kweli, korongo aliinua pua, akasimama kama gogo. Kamera ilikuwa juu ya stendi ya miguu mitatu. Zile sekunde chache ndizo picha kali kuliko zote nilizopiga jioni pale Rungwa, kwa filamu ileile na shata ileile.

Siku hizi askari vijana wanapiga kwa simu, nazo gizani hukusanya mwanga kwa muda mrefu zaidi. Wanangu, iegemezeni simu kwenye boneti ya gari au kichuguu, msivute picha, na mngojeni mnyama asimame.