Mdomo wa Pampu

Mama yangu alipohamia kwetu Leicester, akiwa ameishi miaka 70 na ushei jirani ya bahari ya Tanga, nilimnunulia tangi la kioo la lita 60 na kuliweka sebuleni, mkabala na kiti chake. Ndani yake tulitia majani ya majini, kokoto, na uduvi wekundu wa maji yasiyo na chumvi, kila mmoja mfupi kuliko ukucha wa kidole gumba. Nilidhani nimempa kitu cha kutazama. Kumbe nilikuwa nimempa kitu cha kulea.

Kila siku baada ya sala ya alfajiri alikaa mbele ya tangi, tasbihi mkononi, akiwahesabu. Aliwajua majike waliobeba mayai chini ya tumbo. Aliona yalipoanguliwa, kwani uduvi wa aina hii hawapitii hali ya kuelea kama viluwiluwi. Hutoka wakiwa na umbo la wazazi wao, isipokuwa hawazidi milimita mbili au tatu. Juma moja baadaye aliniambia, “Wanazaliwa, mwanangu, lakini hawakui. Hupotea usiku.”

Nilimjibu kwa uhakika wa mtu aliyesoma maelekezo ya kwenye boksi. Nilisema analisha kupita kiasi, na chakula kinachooza huharibu maji. Alipokana, nilichukua kopo la chakula na kuliweka juu ya kabati, mahali ambapo mkono wake haufiki. Hakubishana. Aliendelea kuhesabu.

Siku nilipofungua chujio ili kulisafisha ndipo nilipowakuta. Katika tope la kahawia, nyuma ya bomba linalovuta maji, walikuwamo uduvi wachanga kwa makumi. Wengi walikuwa wamekufa. Wachache walikuwa hai bado, wakitambaa gizani. Maji ya tangi yalikuwa maangavu kama hewa, nami nilikuwa nikijivunia uangavu huo. Mama alichungulia ndoo, akasema, “Maji yako masafi, lakini yanakula.”

Kisha akaniuliza swali ambalo muuzaji hakuniuliza: mdomo wa mashine ile una tundu la ukubwa gani? Babu yangu, mzazi wake, alikuwa akisuka dema. Mvuvi wa dema huamua mapema, kabla hajakwenda baharini, ni samaki yupi atakayebaki ndani na yupi atakayetoka. Uamuzi wake umo katika ukubwa wa tundu. Mdomo wa pampu yangu ulikuwa na mianya ambayo uduvi mkubwa hapiti, lakini mchanga hupita bila kugusa kingo. Mtu aliyeuchora alikuwa na samaki akilini mwake. Ulikuwa mtego, ingawa hakuna aliyekusudia kutega.

Dawa yake ni nyepesi. Nilinunua sponji ya mviringo yenye tundu katikati, nikaivika mdomoni mwa bomba. Kazi yake ya kwanza ni ile ya dema: vitundu vyake ni vidogo kuliko kiumbe tunayetaka kumwokoa. Kazi ya pili haionekani kwa macho. Pampu huvuta kiasi kilekile cha maji, ila sasa maji hayo huingia kupitia uso mzima wa sponji badala ya mianya michache. Eneo likiongezeka mara kumi, kasi ya maji mlangoni hupungua mara kumi. Aliye dhaifu hupata nafasi ya kuondoka kwa miguu yake.

Kanuni hiyohiyo hutawala milango mikubwa zaidi. Kanuni za Marekani za mwaka 2014 kuhusu mitambo inayovuta maji ya kupoza zinakubali, miongoni mwa njia za kuwanusuru samaki wasinaswe kwenye vyujio, kasi ya maji isiyozidi nusu futi kwa sekunde, yaani sentimita 15 hivi. Na wakati mwingine wanaovutwa huishinda mashine: Juni 2011, kituo cha nyuklia cha Torness, huko Scotland, kilizima vinu vyake viwili baada ya yavuyavu kujazana kwenye vyujio vya maji ya bahari.

Nami nilishindwa mara moja. Nilidhani sponji ikishavikwa kazi imekwisha. Baada ya majuma matatu iliziba, mkondo ukafifia, na uduvi wakapanda karibu na uso wa maji wakitafuta hewa. Ni mama aliyeona tena. Tangu hapo sponji huoshwa kila Jumamosi katika ndoo ya maji yaliyotolewa tangini, si chini ya bomba la jikoni, kwa sababu klorini huua bakteria wanaoishi humo, nao ndio wanaoigeuza amonia ya kinyesi isiwe sumu. Kinga isiyohudumiwa hugeuka kuwa madhara mengine.

Nilishusha kopo la chakula kutoka juu ya kabati na kumrudishia mikononi, nikamwomba radhi. Alisema tu, “Nilikuwa nakwambia.” Alikuwa kweli ananiambia, kila asubuhi, kwa hesabu, mimi ndiye niliyechukulia uzee wake kuwa sababu ya kila kilichoharibika nyumbani.

Sasa sponji imeota utando wa kijani, na uduvi wachanga hushinda juu yake wakila. Mahali palipokuwa pakiwameza pamekuwa malisho yao. Mama ameacha kuwahesabu. Wamekuwa wengi mno, na tasbihi imerudi kwenye kazi yake.