Mfuko wa Khaki

Mvua ilianza kabla hatujaondoka. Ilikuwa Jumamosi, tarehe 13 Oktoba 1990, na watu kama 800 tulikuwa tumekusanyika Braamfontein, Johannesburg, kwenye jengo la South African Institute of Race Relations. Wengi walikuwa Wazungu. Sisi weusi tulibanana upande mmoja, maana nchi ile ilikuwa imeshawafundisha watu mahali pa kusimama, na fundisho halikufutika kwa asubuhi moja. Kijana mmoja alipita na rundo la mifuko ya khaki, ile ya kutilia mboga, imetobolewa matundu mawili ya macho. Waandaaji walijua kuwa wapo watakaotaka kuandamana na wasitake kuonekana. Nilichukua mmoja, nikauvaa kichwani, nikaushikilia shingoni kwa mkono wa kushoto.

Nilikuwa na umri wa miaka 23, na miezi miwili tu mjini. Kwetu ni Lubumbashi, huko Kongo, komini ya Kenya (ndiyo, iko Kenya nyingine, ya vumbi jekundu, na aliyezaliwa humo amezoea kuieleza). Baba alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya migodi ya Gécamines, mimi mwanafunzi wa chuo kikuu. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei mwaka ule, watu wa Rais Mobutu waliingia mabwenini wakaua wanafunzi. Idadi ya waliokufa imebishaniwa tangu siku hiyo. Nilivuka mpaka pale Kasumbalesa, nikashuka Zambia na Zimbabwe juu ya malori, nikaingia kwa daraja la Beitbridge nikiwa na kibali cha wiki chache, ambacho kila mara ilinibidi nikakiombee muhuri mpya. Chini ya mfuko ule sikumwogopa mama. Magazeti ya Johannesburg hayakufika kwetu. Nilimwogopa karani wa vibali. Mapenzi ya mwanamume kwa mwanamume yalikuwa bado jinai, na picha moja gazetini ingetosha kunirudisha nilikotoka.

Matundu hayakulingana na macho yangu. Jicho moja liliona barabara, la pili liliona karatasi. Hatujafika mbali nikajikwaa kwenye ukingo wa njia, na mkono ukanishika kiwiko.

“Ngazi,” sauti ikasema, kwa Kiingereza cha polepole. Baadaye kidogo: “Dimbwi.” Kisha: “Watu wako dirishani wanatutazama. Endelea tu.”

Hakuwa na mfuko. Alivaa suti ya kijani ambayo baadaye nilijua kuwa aliishona mwenyewe, na mvua ilikuwa ikiiharibu, mabega yamegeuka meusi kwa maji. Khaki ikilowa hunata usoni. Nilikuwa naisukuma kwa pumzi ili nipate hewa. Niliposimama, alisimama. Tulikwenda hivyo mpaka Hillbrow, na njia nzima hakuniambia hata mara moja niuvue.

Siku hiyo walizungumza Simon Nkoli, Beverley Ditsie, ambaye alikuwa bado hajatimiza miaka ishirini, na Edwin Cameron, mwanasheria aliyekuja kuwa jaji wa Mahakama ya Katiba. Kiingereza changu kilikuwa haba. Nilichokishika kwa Nkoli ni hoja moja, kwamba yeye ni mweusi na ni shoga, na hawezi kuukata mwili wake vipande viwili, kimoja akipiganie leo na cha pili kingoje mpaka nchi ipate uhuru. Wanahistoria wanasema yale yalikuwa maandamano ya kwanza ya aina yake barani Afrika, na ni haki yao kuanzia hapo. Mimi nikiulizwa tulikuwaje watu wamoja, naanza na kile kiwiko.

Aliyenishika alikuwa fundi cherehani. Chumba chake kilikuwa Hillbrow, kwenye ghorofa ambamo weusi na Wahindi na machotara walipanga kinyume cha sheria ya makazi, sheria iliyofutwa mwaka uliofuata. Cherehani ilikaa dirishani, kitanda nyuma ya pazia, na chini ya meza kulikuwa na godoro lililokunjwa. Godoro lile lilikuwa na zamu. Kijana aliyefukuzwa kwao Jumatatu alilala hapo mpaka apatiwe mahali. Akiondoka, aliyefuata alilikuta limeshaanikwa. Mimi nililala siku tisa. Hakuna aliyeniuliza nitalipa nini. Niliambiwa tu kwamba siku nikipata chumba, nami niweke godoro.

Yeye ndiye aliyenieleza mambo yalivyokuwa kabla yangu, akisimulia huku pini ziko mdomoni. Kwamba palikuwa na chama kikubwa cha Wazungu, GASA, kilichoundwa mwaka 1982, na Nkoli alikuwamo, akaanzisha ndani yake kikundi cha weusi. Mwaka 1984 Nkoli alikamatwa kwa sababu ya harakati za kugomea kodi za nyumba kule Vaal, akaingizwa katika ile kesi ya uhaini ya Delmas pamoja na wenzake 21, wakiwamo Mosiuoa Lekota na Popo Molefe. Chama chake kilikaa kimya, kikidai hakijihusishi na siasa. Mle gerezani akajifunua kwa washtakiwa wenzake. Wengine walikasirika, wengine wakataka ashtakiwe peke yake, wakajadiliana siku nyingi, na mwishowe wakabaki naye. Mwaka 1988 aliachiwa huru, na mwaka huo huo ikazaliwa GLOW, chama cha mashoga na wasagaji wa Witwatersrand, weusi kwa weupe. Fundi alikuwa akifika kwenye sehemu ile ya gerezani, anatoa pini mdomoni. Aliniambia kuwa wanaume wale ndio waliompa tumaini kuliko mtu yeyote, kwa kuwa walianza na hasira na hawakuishia nayo.

Jioni nyingi tulikwenda Skyline, baa ya hoteli ya Harrison Reef, kwenye kona ya mitaa ya Twist na Pretoria. Humo nilijifunza lugha. Machotara na Wazungu walikuwa na msimbo wao wa majina ya wanawake: Dora ni kinywaji, Priscilla ni polisi. Usiku mmoja mtu alisema Priscilla anakuja, nami nikabaki nimekaa nikitazama mlango nimwone huyo dada, wenzangu wote wameshainuka. Weusi walikuwa na maneno yao ya mitaani, skesana na injonga, na kila neno lilikupa nafasi yako nyumbani na kitandani. Mimi wala sikuwa na neno. Kiswahili chetu cha Lubumbashi kilinipa matusi mawili matatu tu. Mwaka 1992 ndipo alipojiunga nasi dada mmoja aliyerudi kutoka uhamishoni. Alikuwa amesoma Mazimbu, Morogoro, kwenye shule ya ANC, SOMAFCO. Alinisikia nikihesabu pesa kwa Kiswahili, akapiga kelele ya furaha.

“Shikamoo, kaka!”

Sikujua kuijibu. Kwetu hatuna shikamoo. Alinifundisha marahaba, nami nikamfundisha kusema bukari badala ya ugali. Yeye ndiye aliyenieleza kwamba kwa wanawake wa pwani shoga ni rafiki wa moyoni, yule unayemwachia funguo na siri, na kwamba neno hilo halikuanza kama tusi. Tangu siku hiyo tuliitana hivyo, yeye na mimi, kwa maana zote mbili kwa pamoja, na hata leo akinipigia simu ndilo neno la kwanza.

Lakini jina pekee halimlazi mtu. Nyumba ndiyo iliyotulaza, na nyumba niliyoipenda kuliko zote ilikuwa KwaThema, kitongoji cha karibu na Springs, kwa Thokozile Khumalo, mama ambaye kila mtu alimwita MaThoko. Aliuza pombe nyumbani, kama mama wengi wa vitongoji. Vijana waliofukuzwa makwao walijua mlango ule. Safari yenyewe ilikuwa na hofu yake. Mwaka 1990 watu walikuwa wakiuawa ndani ya treni na kwenye vitongoji vya mashariki, ugomvi wa ANC na Inkatha, na fundi alipanga safari zetu kwa uangalifu mkubwa, arudi nani na nani, saa ngapi. Tukifika tulikuta sufuria, redio, watoto wa jirani wanacheza katikati ya wanaume waliovaa sketi, na majirani wanapita kununua bia bila kugeuza shingo. Tawi la GLOW la pale lilikutania humo, na barua zilifika hapo pia. Kijana ambaye asingethubutu kupokea barua ya namna ile kwa baba yake aliipokea kupitia kwa MaThoko. Sanduku la barua la nyumba ile limehifadhiwa, na hifadhi ya nyaraka ya GALA, pale Chuo Kikuu cha Witwatersrand, imelipa shughuli yake ya kuchapisha vitabu jina la mama huyo. Nimefurahi kuliko ambavyo ningefurahia sanamu.

Nilikaa pale jikoni Jumapili nyingi nikikausha sahani. Huko kwetu mimi ni mtoto wa kiume wa tatu. Kazi yangu kwenye mikusanyiko ya ukoo ilikuwa kuhesabu viti na kuazima vilivyopungua. Miezi mingi tangu nitoke Lubumbashi sikuwa nimehesabu kiti cha mtu. Siku niliyotumwa kuazima sahani sita kwa jirani, nikatoka nikipita njiani peke yangu, mgeni asiyejua Kizulu, nikisema kwa ishara kuwa nimetoka kwa MaThoko na nikapewa sahani bila swali, nilijua nimefika.

Kisha ukaja ugonjwa. Februari 1993 alizikwa Soweto Linda Ngcobo, mmoja wa waanzilishi wa GLOW. Baada yake misiba ilifuatana. Tuligundua jambo ambalo maandamano hayakutuandaa kwalo: maiti ni mali ya ukoo. Rafiki aliyemwogesha mgonjwa miezi mitano aliweza kuzuiwa langoni siku ya mazishi. Hospitali moja ilimwacha mwenzetu kwenye kitanda cha korido siku mbili, chakula kimewekwa sakafuni mlangoni, na sisi ndio tuliomlisha. Basi tukafanya lile ambalo kila mtu wa vitongoji alijua kulifanya. Tukaunda chama cha kuzikana.

Mchango ulikuwa rand 10 kwa mwezi. Walinichagua mweka hazina kwa sababu moja, iliyosemwa mbele yangu: Mkongo hana shangazi wa kumkopesha pesa za watu. Nilinunua daftari la jalada jeusi, la mistari, nikapiga rula safu kumi na mbili. Majina kushoto, miezi juu, alama ya tiki kila mwezi uliolipwa. Ukifariki, chama kinatoa jeneza au gari, na kinatoa watu wanne wa kukesha na familia, wamevaa vile familia itakavyotaka. Sharti hilo la mavazi tulilibishania usiku kucha. Wengine waliona ni kumsaliti marehemu kumzika bila sketi yake na bila wenzake waliovaa zao. Fundi alishikilia kwamba mama aliyefiwa apewe kwanza mahali pa kuegemea, ugomvi utafuata baadaye. Nilipiga kura dhidi yake. Leo ningepiga upande wake.

Katiba ilitiwa saini Sharpeville tarehe 10 Desemba 1996, na kifungu cha tisa kikataja kwa jina mwelekeo wa kimapenzi miongoni mwa mambo ambayo mtu asibaguliwe kwayo. Hakuna nchi nyingine duniani iliyokuwa imeliandika hilo katika katiba yake. Tulisherehekea, nami nilikwenda kwenye simu ya kulipia, nikampigia dada yangu mkubwa Lubumbashi, wakati vita vimeshaanza mashariki mwa nchi yetu.

“Yaya, huku wameandika sheria,” nikamwambia.

“Sheria ya nini?”

“Ya watu kama mimi.”

Simu ilikula pesa muda mrefu. “Unakula vizuri?” akauliza. Nikamwambia nakula. “Nani anakupikia?” Nikaanza kumtajia majina, mmoja mmoja, na pesa zikaisha nikiwa bado nataja. Hilo ndilo jibu refu kuliko yote niliyowahi kumpa kuhusu maisha yangu.

Simon Nkoli alifariki tarehe 30 Novemba 1998, mkesha wa Siku ya Ukimwi Duniani. Alikuwa miongoni mwa wanaume weusi wa kwanza nchini waliojitangaza kuwa na virusi, na dawa zilikuwapo duniani, ila kwa bei ambayo watu wetu hawakuweza kuimudu. Siku kumi baadaye Zackie Achmat na wenzake wakaanzisha Treatment Action Campaign, wakazipigania dawa hizo mpaka zikafika kwenye zahanati za serikali. Daftari langu linaonyesha wazi miaka ya kungoja. Ukurasa wa mwaka 1999 una majina 26. Tisa yana tiki zinazokoma katikati ya safu.

La fundi linakoma mwezi Machi. Alifariki Juni, kwenye baridi, nyumbani kwa mama yake. Nilikwenda kukesha na wenzangu watatu, tumevaa suruali nyeusi kama sharti letu lilivyosema. Mama yake alikuwa hajawahi kufika Hillbrow wala kutusalimu. Alikaa juu ya godoro na blanketi mabegani, akatutazama tulivyoingia, akarudisha macho chini.

Wiki tatu baada ya mazishi alikuja chumbani kwangu, amepanda ngazi za ghorofa nne kwa kupumzika. Alikuwa na mkoba wa mwanawe, ule wa futi kamba na chaki. Akatoa noti zilizokunjwa, akaziweka mezani. Kizulu changu kilikuwa kimeshatosha.

“Wewe ndiye mwenye daftari?”

“Ndiye mimi, mama.”

“Aliniambia anadaiwa miezi mitatu. Aprili, Mei, Juni.”

Nilitaka kumwambia kuwa marehemu hadaiwi. Nikamtazama alivyokuwa amekaa, mkoba magotini, akingoja. Nikafungua daftari, nikamgeuzia ukurasa aone jina, nikatia tiki tatu.