Benchi Moja Lilitosha

Wanafunzi wa chuo kilicho karibu nasi hapa Clintonville, Columbus, waliniomba niwapangie jukwaa la mchezo wao wa nyimbo kuhusu familia moja ya Mombasa. Walikuwa wamechora kibanda cha nyasi na twiga. Nikawaambia kwa upole: Mji wa Kale una nyumba za mawe, na twiga hawapiti barabarani.

Waimbaji walikuwa 14, nao walihitaji pa kuchezea, kwa hiyo katikati tuliacha wazi. Nyuma tulisimamisha plaiwudi mbili za futi 4 kwa 8, tukazichora mlango wa nakshi, tukaziegemeza kwa mbao na mifuko ya mchanga zisimwangukie mtu. Benchi moja likafanya kazi zote: mbele ya mlango, baraza, likigeuzwa, kiti cha matatu, likitandikwa leso, kitanda cha nyanya mgonjwa.

Uchache si umaskini. Mwaka 1977 wanakijiji wa Kamiriithu, Kenya, walicheza Ngaahika Ndeenda kwenye jukwaa la wazi walilolijenga wenyewe.

Wazazi wenzangu, mkiombwa msaada kama huu, msikatae. Watoto wetu waliozaliwa huku hupajua kwetu kwa yale wanayoonyeshwa.