Moyo Ulipochukua Usukani

Nilianza mwendo mrefu wa baiskeli katika umri ambao wenzangu wengi walikuwa wakiuza zao. Nilishapita hamsini. Njia yetu ya Jumamosi ilikuwa ile ile: Mwenge, Tegeta, Bunju, tunavuka Mto Mpiji, Mapinga, Kerege, hadi Bagamoyo, kisha tunageuza. Siku hizo swali lilikuwa moja tu: nani atatangulia darajani? Vijana waliniamkia Tegeta na kunilaani Bunju, maana mzee alikuwa habanduki mbele. Kuhusu moyo sikujua zaidi ya kwamba ulipiga polepole, chini ya mara 50 kwa dakika nikiwa nimepumzika, na hilo nilijisifia kila penye watu.

Dalili ya kwanza niliiona kwenye saa. Tukipanda mwinuko baada ya daraja, mapigo yaliruka kutoka 145 hadi 190 na ushee, ilhali miguu haikuwa imeongeza chochote. Nikalaumu betri. Betri mpya, habari ile ile. Kisha mwili nao ukaanza kusema: pumzi fupi, miguu kuishiwa ghafla, na kifuani purukushani kama kuku aliyefungwa ndani ya kiroba.

Zahanati moja ilinipa dawa ya asidi ya tumbo. Nyingine ilinipima ECG, yaani umeme wa moyo, lakini siku hiyo moyo ulikuwa umetulia, karatasi ikatoka safi. Ugonjwa huu una ujanja huo, huja na kuondoka. Ilibidi nivalishwe kifaa kidogo chenye nyaya kinachorekodi mapigo mchana na usiku, ndipo wakaunasa. Daktari alinionyesha karatasi: vilima virefu vimepishana ovyo, vingine vimebanana, vingine vimeachana, na kile kinundu kidogo kinachotakiwa kutangulia kila kilima hakionekani.

"Mzee wangu," akasema, "vyumba vya juu havibani tena, vinatetemeka tu. Damu ikituama humo inaganda, na bonge likipanda kichwani ni kiharusi."

Mimi, nisiyevuta hata sigara? Akanieleza habari za Wasweden. Utafiti uliotoka 2013 ulifuatilia zaidi ya watu 50,000 walioshiriki Vasaloppet, mbio za kuteleza kwenye theluji kilomita 90. Waliomaliza mbio hizo mara nyingi zaidi, na wenye kasi zaidi, ndio walioandamwa zaidi na mapigo yasiyo na mpangilio. Mazoezi ya kadiri huulinda moyo. Miaka mingi ya kuukamua inaweza kuvitanua vyumba vyake. Akaongeza kwamba hapa kwetu wengi anaowatibu tatizo hili hawajawahi kushindana na mtu. Ni watu, wengine vijana kabisa, walioharibikiwa valvu na homa ya baridi yabisi iliyoanzia kooni wakiwa watoto. Baada ya hapo niliona aibu kujihurumia.

Dawa ya kupunguza mapigo ilinikata miguu. Kwa kuwa moyo wangu tangu awali ulikuwa wa polepole, dozi ikabidi ishushwe. Lakini warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, ndiyo iliyoingia hadi jikoni. Mchicha, kisamvu na matembele vina vitamini K kwa wingi, na hiyo hupingana na dawa. Sikukatazwa kuvila, natakiwa nile kiasi kile kile wiki hadi wiki, ili kipimo cha kuganda kwa damu, INR, kibaki kati ya 2 na 3. Sasa mke wangu ananipakulia kisamvu upawa mmoja, hata wageni wakiwepo, na wageni wanamwona mchoyo. Diklofenaki niliyokuwa nameza kwa ajili ya magoti imepigwa marufuku, kwa sababu ikikutana na warfarini tumbo linaweza kuvuja damu. Kuanguka nako si kule kwa zamani: kichwa kikigonga lami, hata bila jeraha, naenda hospitali.

Kundini nimehamia nyuma. Kikomo nilichopewa ni mapigo 130. Yakizidi, nashusha gia na wao waende zao. Nikifika Bagamoyo wameshamaliza chai. Asubuhi ambayo moyo umechafuka sitoki kabisa. Kusema kweli, Kerege nimeijua baada ya kupunguza mwendo. Kabla ya hapo kwangu ilikuwa kibao cha barabarani tu. Kijana mmoja aliniuliza, "Shikamoo mzee, kwa nini usiache tu?" Nikamjibu kwamba daktari amesema nipunguze, hajasema niache.

Nanyi wenzangu mliopita hamsini na bado mnakimbizana na vijana: kabla ya kupanda baiskeli, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, uhesabu dakika nzima. Mapigo yakija bila mpangilio, iache baiskeli nyumbani ukapimwe ECG siku hiyo hiyo, yakiwa bado hivyo.